Kasi ya tela huchaguliwa gari likiwa limesimama

Juzi usiku, nimeshaswali isha na nimejinyoosha barazani, uliingia ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mokowe. Amenunua pikapu na tela ya boti, na anataka kuanza kazi ya kuhamisha boti za faiba kati ya Lamu, Malindi na Mtwapa. Kaandika hivi: "Ami, gari hii ina nguvu. Nimeijaribu na tela nyuma, imefika 110 na haikuyumba hata kidogo. Sasa nitembee kwa ngapi?"

Nimeusoma ujumbe huo mara tatu na usingizi ukapaa. Maneno hayo hayo, "gari hii ina nguvu", niliyatamka mimi kwa kinywa changu Julai 2021, na nikaja kuyalipia kwa mashine ya boti niliyoachiwa na marehemu baba. Nimewahi kugusia habari hii hapa kwa juu juu. Leo naieleza yote.

Nimevuta tela miaka 17. Kuanzia hapa Malindi, boti ikitaka kupigwa rangi, ikitaka kwenda kwa fundi Kilifi au Mtwapa, ikitaka kushushwa maji Watamu, mtu alikuwa akinipigia mimi. Sikuwahi kutangaza kazi yangu. Watu waliniona nikirudi nyuma na boti ya futi 24 mpaka majini, mara moja tu bila kusahihisha, wakajua nani wa kumwita. Nilijiamini, na nilikuwa na haki ya kujiamini. Lakini kurudisha tela nyuma ni ufundi mmoja, kwenda nayo mbele kwa kasi ni ufundi mwingine, na huo wa pili nilikuwa sijawahi kuulizwa.

Mwaka huo mgeni mmoja mwenye kiwanja upande wa Mambrui alinunua karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa yenye vitanda, jiko na choo ndani. Ilikuwa Mombasa, imekaa uani kwa mtu miaka. Tulikubaliana bei, nikaenda na utingo wangu. Karavani yenyewe haikuwa ya kutisha: ekseli moja, yaani chuma kimoja cha magurudumu, uzito kama kilo 1,300, na nilikwisha vuta boti nzito kuliko hiyo. Matairi nilitazama, kashata zake, yale meno ya mpira, zote zipo, nikayapiga teke, nikaridhika.

Kisha tukapakia. Mwenye mali alitaka tumletee na vitu vyake humo humo: jenereta, friji na maboksi 11 ya vigae. Mlango wa karavani ile ulikuwa karibu na mwisho, kwa hiyo kila kitu tulikiweka pale pale tulipoingilia, nyuma kabisa. Tulipomaliza utingo akainama, akaishika pua ya karavani, ile ncha ya mbele ya kuvutia, na kuinyanyua kwa mkono mmoja mpaka kwenye boli, tufe la chuma nyuma ya gari. Mkono mmoja! Akanitazama akicheka: "Bosi, nyepesi hii." Na mimi nikafurahi.

Ule mkono mmoja ndio ulikuwa ajali. Yaliyofuata yalikuwa kusubiri mahali pa kutokea.

Mpaka Mtwapa hakuna aliyeweza kwenda kasi, kwa foleni. Kikambala tukapita, Vipingo tukapita katikati ya mkonge, nikiwa kwenye 70 hivi. Njiani simu ya mwenye mali ikaanza: nimefika wapi, ana wageni, anataka nyumba yake isimame kabla ya magharibi. Tulipopanda daraja la Kilifi, upepo wa kusi ulitupiga kutoka upande wa bahari, nikausikia usukani ukivutwa taratibu mikononi, kama mtoto anayekuvuta kanzu. Hiyo ilikuwa salamu ya kwanza. Sikuijibu. Nikatoka mjini Kilifi, nikaona barabara imenyooka, nikamwambia utingo, "Gari hii ina nguvu, tutafidia." Nikakanyaga mpaka 95.

Kutoka Kilifi hadi Malindi ni kama kilomita 60. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi tangu siku ile, nikiwa nimelala. Kwa kasi ya 75 ni dakika 48. Kwa kasi ya 100, hata kama matuta yote yangeondolewa, ni dakika 36. Tofauti ni dakika 12. Mtu hamalizi hata kikombe cha chai ya maziwa kwa dakika hizo kama imetoka jikoni sasa hivi.

Tulikuwa tumepita Matsangoni. Basi likaja nyuma kwa kasi, likatupita. Basi refu likikupita, kwanza upepo wake unaisukuma tela mbali nalo, halafu likishapita unaivuta irudi. Nilitazama kioo cha pembeni nikaona ubavu mweupe wa karavani ukitokeza upande wa kulia, ukapotea, ukatokeza upande wa kushoto. Kulia tena, umezidi. Kushoto, umezidi zaidi. Nyuma ya pikapu sasa ikawa inachezeshwa, mbele imekuwa nyepesi, usukani hauna mtu. Nikafanya alichokifanya kila asiyefundishwa: nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote na kugeuza usukani kupinga.

Gari lilipunguza, karavani haikupunguza. Tairi la kushoto likapasuka kwa mlio kama wa baruti, ikalala ubavu, ikatuburuta mpaka mtaroni na kuishia kwenye shina la mkorosho. Ule ukuta wake ulifunguka kama mkebe wa samaki. Nilipotoka, kitu cha kwanza nilichokiona ni vigae, vimetapakaa kwenye mchanga mwekundu, vyeupe, vingi vikiwa vizima. Watu wa mashamba wakaja mbio. Mama mmoja alinikalisha chini ya mti, akaniletea dafu, akanishika bega mpaka mikono yangu ilipoacha kutetemeka. Utingo alichubuka kiwiko. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, na kama angekuwapo mwendesha bodaboda anatoka upande wa Mida dakika ile, nisingekuwa naandika haya.

Mwenye mali nilimpigia mwenyewe. Aliuliza habari ya friji. Hakuuliza kama tuko hai. Miaka imepita na neno hilo bado limenikaa hapa kifuani, nisiseme uongo. Nilimlipa shilingi 240,000 kwa mafungu, na fungu kubwa lilitoka kwenye mashine ya boti ya marehemu baba ambayo niliiuza. Kwa miezi saba simu yangu haikulia kwa kazi ya boti. Watu niliowafundisha kufunga mnyororo wa tela ndio waliozichukua, na ufukweni wengine wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa.

Miezi saba ni mirefu kwa mtu asiye na kazi. Nikakaa nikasoma, nikauliza mafundi, nikajaribu mwenyewe kwa tela tupu na tela yenye mzigo. Nitakueleza, mwanangu wa Mokowe, nilichokipata.

Kila tela ina kasi yake ambayo chini yake, ikisukumwa, inayumba mara mbili tatu kisha inatulia yenyewe. Juu ya kasi hiyo haitulii: kila myumbo unazaa myumbo mkubwa zaidi. Kasi hiyo haikuandikwa popote, na hubadilika kila ukipakia upya. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, inashuka. Upepo wa matairi ukipungua, inashuka. Tela ikiwa fupi na gari ni jepesi, inashuka. Ukiteremka mlima tela inakusukuma, nayo inashuka tena. Kwa hiyo ile 110 yako ambayo haikuyumba ilikuwa na tela tupu, nadhani, na hakuna basi lililokupita, na kusi haikuwa inavuma. Umejaribiwa na siku njema. Siku njema haimjaribu mtu.

Pua ya tela inatakiwa iwe na uzito. Waingereza husema asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela nzima, Wamarekani kwa tela zao husema 10 hadi 15. Mimi siku hizi naweka karibu na 8, mradi nisipite kilo zilizoandikwa kwenye chuma cha kuvutia cha gari. Naipima kwa mizani ya kupimia watu, naweka kipande cha mbao juu yake na kusimamisha pua hapo, tela ikiwa sawa na ardhi. Kwa karavani ile ya kilo 1,300 pua ilitakiwa ilemee kilo 65 kwenda juu. Hakuna utingo wa kunyanyua kilo hizo kwa mkono mmoja akicheka.

Matairi. Yale niliyoyapiga teke yalikuwa na kashata kwa sababu hayakutembea, lakini ubavuni yaliandikwa 0811. Maana yake yalitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2011. Yalikuwa na miaka kumi, yamekaa kwenye jua la pwani, mpira umekauka kwa ndani. Na hapo ubavuni kuna herufi baada ya namba inayoonyesha mzigo ambao tairi linaweza kubeba: J ni kilomita 100 kwa saa, K ni 110, L ni 120. Hiyo ni kasi ya mwisho ya tairi zima lililojazwa sawasawa na lisilobeba zaidi ya uwezo wake. Haisemi chochote kuhusu tairi la miaka kumi. Tela za boti zina balaa lake jingine: zinaingizwa majini, chumvi inaingia kwenye beringi. Mimi nasimama baada ya kilomita 20 za kwanza, naweka kiganja kwenye habu ya kila gurudumu. Ikiwa ya vuguvugu, naendelea. Ikinifanya nitoe mkono, safari imeisha mpaka grisi ibadilishwe.

Haya yote, kama unavyoona, yanafanyika gari likiwa limesimama. Ndiyo maana nasema kasi huchaguliwa hapo. Naandika namba kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye dashibodi kabla sijawasha gari, na simu ya mwenye mali haina ruhusa ya kuibadilisha. Tela iliyopimwa, matairi mapya, mchana, barabara kavu: 75, na 80 ndiyo mwisho wa dunia. Matairi nisiyoyajua: 60. Mvua: 50. Daraja la Kilifi wakati wa kusi: 50, na mikono yote miwili kwenye usukani. Usiku sivuti, hata nikiongezwa pesa. Mijini sheria yetu inasema 50, ila kwa matuta ya njia hii hutafika huko, na tela hupita tuta polepole kuliko gari, maana tuta likiikita pua kwa nguvu mzigo wote unahama.

Usinione mwoga. Uingereza mwenye gari dogo na karavani anaruhusiwa maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu zao, kama kilomita 96, na 50 kwenye barabara za kawaida, ambayo ni 80. Ujerumani ni 80, na hiyo 100 ni kwa waliokaguliwa na kupewa kibali. California ni maili 55, kama 88. Hizo ni barabara pana, hazina mbuzi. Sisi tunaopita Garsen na ng'ombe wakivuka, tunataka 110 ya nini?

Na hata tela isipoyumba, kuna kusimama. Kutoka 60 kwenda 90 kasi imeongezeka nusu, lakini nguvu ambayo breki zako zinatakiwa kuimeza imekuwa zaidi ya mara mbili. Tela nyingi hapa kwetu hazina breki zake. Gari lako linajisimamisha lenyewe na boti ya watu pia.

Ikianza kuyumba licha ya yote haya, achia mafuta. Basi. Shika usukani ukiwa umenyooka, usiukimbize huku na huku, usikanyage breki ya gari, usijaribu kuongeza kasi ili uinyooshe kama wanavyodanganyana vijiweni. Kama tela ina breki zake zinazobanwa kwa mkono kutoka ndani ya gari (sisemi breki ya mkono ya gari lenyewe), hizo zibane taratibu. Ikitulia, toa gari pembeni, shuka, uhamishe mzigo mbele. Usiseme imetulia na kuendelea. Imekuambia kitu.

Vijana wangu, hii kazi ni amana. Mtu amekupa boti aliyokopea, au nyumba, na wewe unampa mke wa mtu anayetembea kando ya barabara tumaini kwamba utapita salama. Anayekuharakisha kwenye simu hatakuwapo mtaroni. Mwambie saa utakayofika, ongeza saa moja juu yake, na uzime simu. Akikataa, mwache aende kwa mwenye haraka.

Mwezi uliopita nilivuta boti ya futi 24 kutoka Mtwapa. Ilikuwa mwendo wa saa tatu na zaidi, tumesimama mara nne. Kule Matsangoni mkorosho upo, kovu la shina limeanza kuziba kwa gome jipya. Yule mama pia yupo. Nimemnunulia vitenge viwili, akakataa kwanza, kisha akavipokea. Mabasi mawili yalitupita tukiwa kwenye 70; nilitazama kioo, boti ikajitikisa mara moja na kutulia.

Kwa hiyo kijana, namba yako sikupi leo. Nitumie picha tatu: ubavu wa tairi pale penye zile tarakimu nne, boti ikiwa juu ya tela ikipigwa kutoka pembeni ili nione ekseli iko wapi, na mizani ikiwa chini ya pua. Kama huna mizani, zahanati yoyote ina moja. Omba kwa adabu, irudishe siku hiyo hiyo.