Gemu yenye modi nyingi ikianza kukwama, usikimbilie kufuta

Minecraft ya Java ikianza kukwama, mgeni hufuta modi (programu ya nyongeza inayobadilisha gemu) aliyoiweka jana. Mara nyingi siyo yenyewe. Kabla hujagusa chochote, bonyeza F3, skrini ya takwimu za gemu ifunguke, ujue hasa ni nini kimezidiwa.

Gemu hii ina mizigo miwili. Kuna kuchora picha, kunakopimwa kwa fremu kwa sekunde, na kuna kuendesha ulimwengu wenyewe: mazao yaote, viumbe watembee, mashine zizunguke. Kazi hii ya pili hufuata mapigo 20 kwa sekunde, yaani kila pigo lina milisekunde 50 tu. Hata ukicheza peke yako, ndani kuna seva inayoifanya. Kwa hiyo ukiona picha inateleza vizuri lakini bloku uliyovunja inarudi, au ng'ombe anatembea mara anajikuta alikotoka, usihangaike na kadi ya picha. Wala Sodium, modi ya kuongeza kasi, haitakuokoa, maana yenyewe inashughulikia uchoraji. Kagua zizi lililofurika wanyama, au mabomba yanayosukuma vitu bila kupumzika. Spark, modi ya kupima utendaji, itakuonyesha nani anakula muda wa mapigo. Fremu ndizo zimeanguka? Zima sheda (nyongeza za kupamba mwanga na vivuli), kisha punguza umbali wa kuona.

Kinachowapotosha wengi ni kuganda kwa vipindi: inaenda, inasimama kidogo, inaenda tena. Hapo huenda Java, programu inayoendesha gemu, inafagia kumbukumbu (RAM), yaani inaondoa data isiyohitajika tena. "Ongeza RAM" hutolewa kama dawa ya kila ugonjwa, lakini si kweli. Ikiwa ndogo mno, ufagio haupumziki; ukiipa gemu karibu yote, kompyuta yenyewe inabanwa. Tazama asilimia ya kumbukumbu upande wa kulia wa F3. Ikiporomoka kila gemu inapoganda, umempata mhusika.

Vipimo vikigoma, zima nusu ya modi, ujaribu, kisha uigawe tena nusu yenye tatizo. Modi 200 huisha kwa duru kama nane. Ila modi nyingine haziwaki bila maktaba zake, yaani modi saidizi zinazozitegemea, kwa hiyo ziende pamoja. Na fanya hivyo kwenye nakala ya ulimwengu, tafadhali: ukiufungua bila modi iliyoleta bloku fulani, bloku hizo hufutika, na kuirudisha modi hakuzirudishi.

Pima ukiwa umesimama palepale kila duru. Ukikimbilia eneo jipya, gemu inaanza kuumba ardhi, na hapo kila modi itaonekana ina hatia.