Kabla hujawasha kamera usiku wa kigodoro

Vijana wanaotaka kutengeneza makala ya televisheni kuhusu watoto wanaobugia pombe huniuliza kwanza watapataje picha za usiku. Nawaelewa, nami nilianzia huko huko. Makala yangu ya kwanza ilikuwa usiku mtupu: kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku, uswahilini Dar es Salaam, spika zimepangwa hadi usawa wa dirisha, binti wa miaka 16 anayumba katikati ya duara. Tukamziba sura, tukaamini tumemsitiri. Kulipokucha baada ya kipindi kurushwa, mtaa mzima ulikuwa unamtaja. Walimjua kwa sauti, kwa dera lake la njano na kwa geti la bluu nyuma yake. Mama yake alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Baba, angekuwa mdogo wako ungemuonyesha?" Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nakushauri uanze mchana, tena bila kamera. Nenda dukani ukaangalie. Bado napokea skripti zinazozungumzia viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, kana kwamba vinaning'inia kila genge, wakati Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Watoto hawakuacha pombe siku hiyo. Siku moja nilikaa kwenye benchi mkabala na duka nikaona wavulana wanne wamesimama kando ya nguzo ya umeme, kila mmoja anatoa sarafu zake, mmoja anazihesabu kiganjani. Aliyetumwa hakuzidi miaka 14. Muuzaji alikizungushia kichupa cha pombe kali kipande cha gazeti, akampa na chenji, akaendelea kupima sukari ya mteja mwingine. Hiyo ndiyo makala. Wanachanga, kwa hiyo bei haiwazuii. Na kwa kuwa wanajificha wasionwe na wakubwa, wanamaliza chupa kwa mkupuo, haraka haraka, wengine hawajala tangu asubuhi.

Hesabu uifanye mwenyewe, usimwachie daktari azungumze kwa lugha ya hospitali. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa ni unywaji wa kupindukia mtu anapofikisha gramu 60 za kilevi halisi kwa mkao mmoja. Kichupa cha mililita 200 chenye kilevi cha asilimia 40 kina gramu kama 63. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama 20. Yaani kichupa kinachoenea mfukoni mwa kaptula ya shule ni sawa na bia tatu kubwa. Vipange juu ya meza, upige picha. Mzazi ataelewa bila maelezo mengi.

Usiku ukiwa wa lazima, amueni mapema nani atasema "zima," na akisema hakuna wa kubisha, hata mkurugenzi. Mtoto akipoteza fahamu, akikoroma vibaya, akipumua kwa taabu au mwili ukipoa, kazi imekwisha: mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe, mbaki naye, na gari la kumpeleka hospitali liwe tayari tangu jioni. Msimmwagie maji ya baridi wala kumnywesha kahawa. Haviondoi pombe mwilini. Na usidhani kwa kuwa chupa imeisha hatari imeisha. Kilicho tumboni kinaendelea kuingia kwenye damu.

Ridhaa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo saini yake peke yake haitoshi. Zungumza na mzazi au mlezi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue mpo, na ofisa ustawi wa jamii umshirikishe kabla, asije kuitwa mambo yakiharibika. Namba 116 ya simu ya huduma kwa mtoto iandikwe kwenye skrini. Mtoto mwenyewe muulize akiwa hajalewa, halafu umuulize tena baada ya kuhariri, akiwa ameona kitakachorushwa. Kumziba sura peke yake ni kujidanganya. Badilisha sauti, ficha sare, sogeza kamera mbali na geti.

Makala yangu ya mwisho niliipeleka nyumbani kwa kijana mmoja kabla ya kuirusha. Tuliketi mkekani, yeye, bibi yake na mimi, kompyuta juu ya kigoda. Kijana aliridhia yote, hata pale anaposimulia alivyotapika damu. Bibi ndiye aliyesimamisha. Nyuma ya mjukuu wake, kwa sekunde saba, ilionekana kanga yake kwenye kamba, na mtaani wanaijua. Tukazikata sekunde hizo pale pale, naye akiangalia.