Mkuu, usitume hiyo 0.3 kabla hujaizungusha filamu

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili mpaka chai ikapoa. Unasema umetengeneza jeli ya nyuzi nano, yaani nyembamba mno, kwa asidi ya L-glutamiki, ukaichanganya na rangi inayong'aa, ukaimwaga kwenye kioo ikakauka, na mashine ya watu huko nje imekupa g ya 0.3. Unauliza jarida gani litaipokea, kiyeyusho gani kitaipandisha zaidi, na kama kuna haja ya kununua D, yaani pacha wa L mwenye mkono wa pili, kama taswira yake kwenye kioo. Mswada unautuma Ijumaa.

Usiutume. Filamu kavu, ya mkono mmoja, iliyopimwa ikiwa imekaa mkao mmoja tu, haijakupa namba bado.

Kwa wanaopita: molekuli zenye mkono, kushoto na kulia kama viganja, zikijipanga zenyewe kuwa nyuzi zilizosokotwa, mwanga unaotoka humo unaweza kuzunguka zaidi upande mmoja. Kipimo chake ni g: chukua mwanga unaozunguka kushoto, toa wa kulia, gawanya kwa jumla yake, zidisha kwa 2. Mwisho kabisa ni 2, iwe chanya au hasi. Molekuli ndogo za kikaboni zikiwa zimeyeyuka kwa kawaida hutoa 0.001 au chini ya hapo. Zikijipanga hupanda, na 0.01 ni ya kuheshimika. Kuna changamani ya yuropiamu iliyofika 1.38, lakini hiyo ni metali yenye mambo yake, usijipime nayo. Jeli ikikupa 0.3 siku ya kwanza, shtuka kwanza, sherehe baadaye.

Nami yalinikuta: g ya jeli yangu ilikuwa 0.21. Nilimwaga jeli ikiwa moto kwenye vioo sita, nikavipanga mezani karibu na pangaboi, maana joto la Februari hapa Dar mnalijua na jeli ilikuwa inakawia kukauka. Upepo ukaja wa upande mmoja. Filamu zikakauka kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili, na nyuzi zikalala zote kufuata njia hiyo, kama miaa kabla haijasukwa mkeka. Mwanga unaotoka kwenye nyuzi zilizolala hivyo hutikisika kwenye mstari mmoja, hauzunguki popote. Sasa ile mashine ina kioo cha silika kinachotetemeshwa mara 50,000 hivi kwa sekunde ili itenganishe kushoto na kulia. Kioo hicho hakikosi mkazo kidogo uliobaki ndani yake, na mkazo huo unatosha kuufanya mwanga wa mstari usomeke kama wa mviringo, yaani ule unaozunguka. Ni kiasi kidogo sana, ila mwanga wa mstari ukiwa mwingi, hicho kidogo kinaimeza ishara yako yote.

Mimi hilo nilikuwa silijui. Nikatuma filamu kwa ndege, na kusafirisha peke yake kulikula kodi ya chumba ya miezi mitatu. Jamaa aliyepima kule akanijibu "hongera sana", basi. Hakuuliza zilikaushwaje. Hakuzungusha hata moja, na ni kazi ya dakika tano kwa mtu ambaye mashine iko mezani kwake! Msimamizi wangu naye akasema kununua D ni kuchoma pesa. L ni asidi ileile inayotengenezewa ajinomoto, bei yake chee, D bei yake mara nyingi zaidi. "Mashine haidanganyi," akasema. Sentensi hiyo bado inanichoma. Mwanafunzi hawezi kuuliza asichokijua, na yeye alikuwa pale ili anijulishe.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje akafungua sura ya nne, akauliza swali moja tu: "Filamu uliizungusha?" Nikanyamaza. Anayetaka kucheka acheke, lakini yako bado haijakaa mbele ya mtahini.

Vipimo vya kurudia vilikuja baada ya miezi saba. Filamu ileile, ikizungushwa digrii 90: hasi 0.18. Mwanga wa mviringo wa kweli haubadiliki kwa sababu umeizungusha filamu. Jeli mbichi, isiyokauka, ndani ya kyuveti, kile kichupa cha kupimia: 0.003. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu halali muda wote. Sura nzima ikatolewa, nikalipa ada ya mwaka mwingine.

Kwa hiyo: nunua D, hata kwa kukopa. Jeli yake imwage na kuikausha sawasawa na ya L, juu ya meza iliyonyooka, imefunikwa, pangaboi limezimwa. Kila filamu ipime digrii 0, 45 na 90. Halafu igeuze, mbele iwe nyuma, upime tena, kwa sababu kuna udanganyifu mwingine unaozaliwa ndani ya filamu yenyewe ambao ukizungusha hautikisiki, ila ukigeuza unabadilisha alama, chanya ikawa hasi. Na usidhani D peke yake itakuokoa. Ukiikausha kwa upepo wa upande mwingine inaweza kukupa picha ya kioo nzuri kabisa, namba ileile kwa alama kinyume, na yote ikawa uongo.

Kabla ya kulipia ndege tena, nenda Kariakoo kwa fundi TV, omba kioo kibovu cha LCD. Ile karatasi nyeusi iliyogandishwa juu yake ni polaraiza ya mstari, kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika kwenye mstari mmoja tu, ibandue taratibu na kisu. Chukua na taa ndogo ya kukagulia noti. Gizani, mulika filamu, itazame kupitia karatasi hiyo huku ukiizungusha karatasi. Mng'ao ukififia na kuongezeka, nyuzi zako zimelala na 0.3 yako inanuka. Usipobadilika hujapona bado, lakini angalau una kitu cha kupeleka kupimwa.

Ukikosa karatasi nicheki PM, ninavyo vipande viwili. Niko Sinza, njoo kabla ya Ijumaa na uje na filamu yenyewe. Picha ya simu haisaidii.