Maswali na Majibu: Koili ya Gari la Zamani

Nafufua Land Rover Series III ya petroli. Koili yake, ile inayokuza volti za betri ili plagi zitoe cheche, niipimeje kabla sijanunua nyingine? (Sakina, Arusha)

Chomoa nyaya zote za koili, la sivyo mita itasoma na vitu vingine vilivyounganishwa nayo. Weka mita kwenye omu 200, gusanisha ncha zake mbili, uone inasoma ngapi. Ikisema 0.3, toa 0.3 kwenye kila jibu. Kwa vipimo vidogo namna hii, kiasi hicho kinapotosha.

Sasa pima kati ya vile vichwa viwili vidogo vya waya. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista (kipunguza umeme unaoingia kwenye koili) husoma karibu omu 3, na ya rezista karibu 1.5. Hamia kilo-omu 20: ncha moja kwenye kichwa kidogo, nyingine ndani kabisa ya tundu la katikati, mpaka iguse chuma. Nyingi husoma kati ya 5 na 12. Ukiona ukoga wa kijani humo, sugua kwanza kwa msasa laini. Mwisho, pima kutoka kichwa kidogo hadi kopo la nje. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma, umeme unavuja ndani.

Mita inasema koili ni nzima, lakini nikipanda Marangu gari linazima. Likipoa nusu saa, linawaka. (Moshi)

Mita inatumia volti chache tu za betri yake. Koili ikifanya kazi inazalisha maelfu ya volti, na varnishi iliyochoka kati ya nyuzi za shaba hushindwa hapo, hasa ikishapata moto. Kwa hiyo omu nzuri za asubuhi, gari likiwa limepoa, hazikuambii mengi.

Pima pale pale barabarani, kabla halijapoa. Chukua plagi kuukuu, panua mwanya wake hadi milimita 6, ifunge kwenye chuma cha injini kwa waya, mbali na kabureta. Chomoa waya mnene wa koili kwenye kepu ya distibyuta (kigawa umeme kwa plagi), uchomeke kwenye plagi hiyo, kisha mwenzako apige starta. Cheche nene ya bluu inayolia "ta, ta, ta" maana yake koili iko sawa. Basi tatizo tafuta kwingine, mfano petroli inayochemka kwenye paipu. Cheche nyembamba ya njano, au inayorukaruka, ni dalili mbaya.

Hata hivyo usiihukumu koili bado. Badilisha kondensa kwanza, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na platini: ikifa, nayo hutoa cheche ya njano hiyo hiyo, na bei yake ni ndogo. Tazama na platini zenyewe, yaani vigusio vinavyokata na kuunga umeme wa koili; mwanya uwe milimita 0.35 hadi 0.40 kwa distibyuta za Lucas. Koili nyingi hutupwa kwa kosa la kondensa.

Waya mnene usiuache ukining'inia starta ikipigwa. Umeme ukikosa pa kurukia hujitobolea njia ndani ya koili. Wala usiushike kwa mkono.

Koili mpya inachemka haishikiki, na platini zinaungua. (Njiro)

Umefungiwa koili ya rezista bila rezista yake. Volti 14 kugawa kwa omu 1.5 ni zaidi ya ampea 9. Kwa koili ya omu 3 hazifiki 5. Rudisha rezista au tafuta koili ya omu 3. Na usiache swichi imewashwa wakati injini haizunguki. Platini zikiwa zimefunga, hata koili sahihi itachemka.

Nimegeuza gari kutoka chanya bodini (chanya ya betri imefungwa kwenye bodi) kuwa hasi bodini ili nifunge redio. Koili imeandikwa SW (swichi) na CB (platini). (Majengo, Moshi)

Geuza nyaya: wa swichi uende CB, wa distibyuta uende SW. Usipogeuza, gari litawaka vilevile, ndiyo maana wengi hawagundui. Lakini kwenye plagi cheche itaanzia chuma cha pembeni kilichopoa badala ya cha katikati chenye moto, itahitaji volti nyingi zaidi, na gari litaanza kumisi mlimani.

Koili inavuja mafuta. Niongeze? (Usa River)

Hapana. Imezibwa kiwandani, na mafuta ndiyo yanayoipoza na kuzuia umeme usivuje. Ikishatoa jasho shingoni, badilisha.