Mnaniuliza kama polisi wa Marekani huadhibiwa

Tangu Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa Kenya, afe akiwa mikononi mwa polisi Nairobi, Juni 2025, swali ni lile lile kwenye kundi letu la familia: huko Minnesota, jimbo la Marekani ninakoishi, askari akiua raia, anafungwa kweli? Wazee wangu na ndugu zangu, nimekuwa nikijibu kwa vipande. Leo nijibu lote.

Anafungwa, ila ni nadra, na si kwa sababu wakubwa wa polisi wa huku ni waadilifu kuliko wa kwetu.

Mnamkumbuka George Floyd, aliyekandamizwa shingo na polisi kwa goti kwa zaidi ya dakika 9 hadi akafa, tarehe 25 Mei 2020, katika jiji la Minneapolis, hapa Minnesota. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu mmoja amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya alipokuwa na polisi. Goti halikutajwa. Sasa wekeni kando yake taarifa ya polisi wa kwetu Kenya, kwamba Ojwang aligongesha kichwa ukutani mwa seli. Ile ya Minneapolis ilivunjwa na msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, aliyesimama pale barabarani na simu yake akarekodi. Ya Nairobi ilivunjwa na upasuaji wa maiti, uliokuta majeraha ya kichwani, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini. Derek Chauvin, askari mwenye lile goti, alihukumiwa miaka 22 na nusu.

Lakini kuna jambo ambalo huko nyumbani halikuvuma. Mwaka 2017 Chauvin huyo huyo alimkandamiza kwa goti mtoto mweusi wa miaka 14. Kamera za vifuani mwa polisi zilirekodi. Video ikabaki kwa polisi wenyewe, naye akaendelea na doria hadi siku ya Floyd. Ndiyo maana nikisikia mkisema kamera zitatuokoa, nauliza: video itakaa kwa nani?

Kuhusu mamilioni mnayosikia familia hulipwa, ni kweli. Jiji lilikubali kuilipa familia ya Floyd dola milioni 27. Hata senti moja haikutoka mfukoni mwa Chauvin. Wanaolipa ni wananchi, wakiwemo majirani wa waliouawa, na jambo hilo linaniuma kila bajeti ya jiji inapotangazwa.

Mwaka 2021 wapigakura wa Minneapolis waliulizwa kama idara ya polisi iondolewe na kuundwa nyingine ya usalama. Karibu asilimia 56 walikataa. Mtu akiwa mbali atawaona waoga. Mimi naishi Brooklyn Park, jirani na kaskazini mwa jiji hilo, na nawaelewa: mama anayesikia risasi usiku anataka polisi afike upesi, na anataka polisi huyo asimuue mwanawe. Yote mawili ni haki yake.

Mageuzi yenyewe hayana mizizi. Serikali kuu iliandikiana na jiji mapatano ya kuwasimamia polisi Januari 2025. Utawala ulipobadilika, ikaiomba mahakama iyatupe, na Mei yakatupwa. Yaliyosalia ni mapatano kati ya jiji na jimbo.

Mnasema angalau huku hakuna kitu kidogo. Kweli, sijawahi kuombwa hata senti. Ila nikisimamishwa usiku nazima injini, nashusha kioo, nawasha taa ya ndani na kuweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kabla sijagusa droo ya gari namwambia askari, "Bima iko humu, naomba niitoe." Hapa karibu, Falcon Heights, Philando Castile alisimamishwa Julai 2016, akaeleza kwa adabu kwamba ana bunduki. Alikuwa na kibali. Akapigwa risasi, mtoto wa miaka 4 akiwa kiti cha nyuma. Mahakama ilimwachilia yule askari. Kijana wangu anajifunza kuendesha sasa, na nilimfundisha kuweka mikono kabla ya kumfundisha kurudi nyuma.

Kwa hiyo msiombe polisi wa Marekani. IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi Kenya, mnayo, ipo kisheria tangu 2011, na ndiyo iliyosema mfumo wa kamera za kituo cha polisi cha Central, Nairobi, uliingiliwa baada ya kifo cha Ojwang. Ombeni kitu kimoja: video za seli zihifadhiwe nje ya kituo, mahali ambapo OCS, yaani mkuu wa kituo, hana uwezo wa kuzifuta, na IPOA izipate bila kumwomba ruhusa. Wagombea wakija kuomba kura 2027, wasiulizwe kama wanapinga ukatili wa polisi; wote watasema wanaupinga. Mwulizeni kila mmoja, kwa jina la kituo cha hapo kwenu, video za seli zake zinahifadhiwa wapi na nani anaweza kuzifuta.