Usiniombe brashi, shika rangi utengeneze zako

Juzi nimepita Kariakoo nikakuta fulana yenye dizaini yangu imetundikwa mlangoni mwa duka, maandishi mekundu ya brashi juu ya kitambaa cheusi, na muuzaji anamwambia mteja "hii imechorwa kwa mkono hii, angalia mwenyewe". Nikajisikia vizuri sana jamani, kwa sababu ile kazi ni vekta mwanzo mwisho, yaani mistari ya kompyuta. Nikapiga picha nikaweka status, na tangu hapo inboksi imejaa ujumbe wa aina moja, "kaka naomba hizo brashi zako", yaani zile faili za mpako ninazovutia herufi kwenye kompyuta.

Sitatuma, na si uchoyo. Zile brashi nimezipaka mwenyewe kwa rangi nyeusi ya maji kwenye karatasi, na brashi ya inchi moja ya duka la hadwea, ile ya kupakia milango. Ukiikausha kidogo kwa kitambaa halafu ukavuta haraka inaacha zile nywelenywele mwishoni, ukivuta taratibu ikiwa imelowa inakupa kingo nzito zilizovimba. Ndio hizo mnazoziona kwenye fulana.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja ya matangazo hapa mjini, bosi akanikuta na karatasi zimetapakaa mezani akaniambia mbele ya wenzangu kwamba mambo ya rangi ni ya watoto wa chekechea, dizaina wa kweli anadownload. Watu wakacheka. Iliniuma na bado inaniuma nikikumbuka, maana yule mtu hajawahi hata siku moja kuvuta mstari kwa mkono wake. Niliondoka pale, na leo kazi ninazopata nazipata kwa sababu ya zile zile karatasi.

Sasa jinsi ya kufanya. Paka mistari mingi, mifupi na mirefu, skani, ingiza Illustrator (programu ya kuchorea vekta), piga Image Trace kwa nyeusi na nyeupe igeuze picha kuwa vekta, cheza na Threshold (kipimo cha kipi kiwe cheusi) mpaka nywele zibaki bila uchafu wa karatasi, hakikisha nyeupe imeondoka, kisha Expand ili yawe maumbo unayoweza kuyashika. Buruta kila mstari kwenye paneli ya Brushes uchague Art Brush (inavuta mpako wako kufuata mstari wote), na kwenye rangi weka Tints, ili ile nyeusi ifuate rangi yoyote utakayoipa stroku, yaani mstari unaouchora. Hapa wengi wanaharibu: wanachukua brashi fupi wanaivuta kwenye mstari mrefu, nywele zinanyooka kama mpira na jicho linashtuka hapo hapo. Ndio maana nikasema paka mifupi na mirefu. Au tumia Stretch Between Guides, katikati ndiko kunakovutika na ncha zinabaki kama ulivyozipaka. Na herufi mbili zikifuatana usizipe brashi moja, mkono wa mtu haurudii mstari ule ule.

Ipo pia Bristle Brush, imekuja na toleo la CS5 la Illustrator mwaka 2010, nzuri kwa kuchora sura na mawingu, lakini inafanya kazi kwa uwazi uliopandana, na kwa fulana ya kuprinti kwa skrini na rangi moja itakusumbua, kwa hiyo kwa maandishi mimi siigusi. Kwa stika za plota (mashine inayokata stika kwa kisu) punguza pointi kwa Simplify kabla ya kupeleka, zile nywele ndogo kisu kinazing'oa.

Vijana wenzangu, tuongee ukweli. Nusu ya mabango ya mji huu yana mpako ule ule wa kudownload, logo ya saluni na logo ya kanisa zimefanana, halafu tunalalamika wateja hawalipi. Walipe nini? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968 kwa rangi za enameli za baiskeli na vipande vya hardboard, hakusubiri mtu amtumie kitu. Nenda Oysterbay usimame nyuma ya mchoraji wa mtindo wake wa Tingatinga uangalie enameli inavyotulia na kung'aa, kingo zake laini kabisa, tofauti na rangi ya maji iliyokauka. Huo utofauti huwezi kuujua ukiwa umekaa kwenye laptop tu. Shika brashi. Chafua mikono. Narudia tena, shika brashi.

Kwa wanaosema hawana Illustrator, Inkscape ni ya bure, kuna Trace Bitmap ya kugeuza picha kuwa vekta na Pattern Along Path ya kuvuta mpako juu ya mstari, kazi inatoka vizuri tu. Na kwa asiye na skana, peleka karatasi stationery mwambie akuskanie dpi 600 akupe faili lenyewe kwenye flashi, asikutumie WhatsApp kama picha maana linabanwa na nywele zote zinakufa, akikataa nenda stationery ya jirani.