Ndiyo, tembo anamkimbia nyuki

Umeuliza mnyama mwenye ngozi nene vile atamwogopaje nyuki. Ngozi ya mgongoni kweli nyuki haiwezi, lakini kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga ni laini. Hebu fikiria kuumwa ndani ya pua, na pua yenyewe ndefu namna ile!

Kule Sagalla, Taita Taveta, jirani na hifadhi ya Tsavo Mashariki nchini Kenya, wakulima wanatundika mizinga kuzunguka shamba, kila baada ya mita 10 hivi. Mmoja wa kweli, unaofuata ni kipande cha ubao cha kuzugia tu, na yote imeunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka na hasira zao. Anatikisa kichwa, anajirushia vumbi, anaondoka, na mngurumo wake unawaonya wenzake. Msimu wa mazao, uzio huo umewazuia hadi asilimia 86 ya tembo waliosogea. Asali nayo inauzwa.

Kasoro yake ni ukame: maua yakikosekana nyuki wanahama, na hapo ni kurudi kukesha na tochi.